Jan Garbarek na saksafoni yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jina la Jan Garbarek likitajwa mbele ya wapenzi wa jazi, maswali huwa karibu yaleyale: huyu ni nani, kwa nini saksafoni yake inalia vile, ile albamu ya watawa ndiyo yake, na mtu aanzie wapi. Majibu yako hapa chini. Baadhi ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni refu, mengine ni ya mstari mmoja.

Jan Garbarek ni nani kwa kifupi?

Ni mpuliza saksafoni wa Norwei. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1947 katika mji mdogo wa Mysen, akakulia Oslo. Anapiga saksafoni ya tena, yenye sauti nene, na ya soprano, iliyo ndogo na ya sauti ya juu, na mara mojamoja filimbi. Tangu mwaka 1970 karibu kazi zake zote zimetolewa na kampuni moja ya kurekodi, ECM ya Munich, Ujerumani. Kati ya wapuliza saksafoni wa Ulaya ambao hawakuhamia Marekani kutafuta jina, sidhani kama yupo aliyesikika mbali kuliko yeye.

Baba yake alikuwa Mpolandi, mfungwa wa vita aliyepelekwa Norwei na Wajerumani wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mama yake alikuwa binti wa mkulima wa Norwei. Mtoto akazaliwa palepale Norwei, lakini uraia hakupewa moja kwa moja. Alikaa bila uraia wa nchi yoyote mpaka umri wa miaka 7. Naliweka hili mbele kwa sababu huko chini tutakutana na wanaomchukulia kama Mnorwei wa asili na asili, aliyeota kwenye theluji kama msonobari.

Je, hii ni jazi kama ya Morogoro Jazz na Tabora Jazz?

Hapana. Bendi zetu za zamani zilijiita Jazz kwa maana ya bendi ya kisasa yenye magitaa na vyombo vya kupuliza, lakini walichopiga kilikuwa rumba na midundo ya nyumbani, na watu walikwenda pale kucheza. Saksafoni katika dansi kwa kawaida inafanya kazi na wenzake: inasimama na tarumbeta, inamjibu mwimbaji, inachangamsha sehemu ya mwisho ya wimbo. Hata fundi kama Verckys Kiamuangana, aliyetikisa OK Jazz ya Kinshasa kwa saksafoni yake, alikuwa akiwapulizia watu waliosimama ukumbini.

Kwa Garbarek hakuna anayecheza. Watu wamekaa, taa zimepunguzwa, na saksafoni ndiyo mwimbaji wenyewe. Ukitarajia mdundo wa kukuinua kitini utachoka dakika ya tatu. Ukimsikiliza kama unavyomsikiliza mwimbaji, mambo yanakuwa mepesi zaidi.

Alianzaje?

Redioni. Mwaka 1961, akiwa na miaka 14, alimsikia mpuliza saksafoni Mmarekani John Coltrane akipiga “Countdown”, kipande kifupi kutoka albamu ya Giant Steps ambamo noti zinamwagika kwa kasi ya kutisha. Kijana akaamua palepale kwamba anataka saksafoni. Saksafoni haikuwepo, basi akanunua kwanza kitabu cha mafunzo na kuanza kujifunza vidole vinakaa wapi kabla hajaishika ala yenyewe. Wazazi wake walipomnunulia, tayari alikuwa na mahali pa kuanzia. Mwaka uliofuata, 1962, alishinda shindano la jazi la wasio wa kulipwa.

Hakuna anayeweza kusikia “Countdown” halafu akamsikia Garbarek wa miaka ya 1980 na kukisia kwamba mmoja alimzaa mwingine. Alivutwa na mtu mwenye noti nyingi kuliko wote, akaishia kuwa mtu wa noti chache kuliko karibu wote. Njia ya kutoka huku hadi kule ndiyo hadithi yake ya kimuziki.

George Russell ni nani katika habari hii?

Ni mtunzi na mwananadharia Mmarekani mweusi aliyehamia Ulaya katikati ya miaka ya 1960. Alimsikia Garbarek kwenye tamasha la jazi la Molde, pwani ya magharibi ya Norwei, mwaka 1965, wakati kijana ana miaka 18. Akamchukua kwenye bendi zake, akamfundisha nadharia yake ya jinsi skeli (ngazi za noti) na kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) zinavyohusiana, na baadaye akamsifu kwamba ndiye sauti ya kipekee kuliko zote kutokea katika jazi ya Ulaya tangu mpiga gitaa Django Reinhardt. Sifa kubwa hiyo, kwa sababu Django ndiye Mzungu wa kwanza ambaye Wamarekani wenyewe walikubali kujifunza kwake.

Russell pia ndiye aliyesimamia Esoteric Circle, albamu iliyorekodiwa Oslo mwaka 1969. Humo wamo vijana wanne: Garbarek, mpiga gitaa Terje Rypdal, mpiga besi Arild Andersen na mpiga dramu Jon Christensen. Shika majina hayo. Jazi ya Norwei kama dunia inavyoijua ilianzia kwa hawa wanne.

ECM ni nini, na kwa nini haiwezekani kumzungumzia bila kuitaja?

Ni kampuni iliyoanzishwa mwaka 1969 na Manfred Eicher, Mjerumani aliyekuwa mpiga besi. Mwezi Septemba 1970 Eicher alikwenda Oslo kurekodi bendi ileile ya vijana wanne. Kazi iliyotoka, Afric Pepperbird, ni toleo la saba la kampuni, na fundi mitambo alikuwa Jan Erik Kongshaug, ambaye kuanzia hapo alirekodi mamia ya albamu za ECM, nyingi zikiwa hapohapo Oslo.

Wanaokutana na Afric Pepperbird baada ya kuzoea Garbarek wa baadaye hudhani wamenunua albamu ya mtu mwingine. Saksafoni inakoroma, inapasuka, inapiga kelele. Huyu ni kijana aliyekwisha kuwasikiliza wapuliza saksafoni wakali wa Marekani, Albert Ayler, Archie Shepp na Pharoah Sanders, mpaka wakamwingia kwenye mifupa. Lakini tayari kuna kitu kingine: kati ya kelele moja na nyingine kunaachwa nafasi, na Kongshaug anairekodi nafasi hiyo kana kwamba nayo ni ala. Sauti ya ECM ambayo watu wanaizungumza hadi leo, ile ya chombo kilichosimama peke yake ndani ya chumba kikubwa chenye mwangwi, Garbarek hakuikuta imeshatengenezwa. Alikuwa mmoja wa walioitengeneza.

Nitamtambuaje nikimsikia?

Kwa sekunde tano, na sitanii. Wapuliza saksafoni wengi wa jazi hupiga maneno mengi kama watu walio katika mazungumzo. Garbarek anaita.

Sikiliza mwanzo wa noti. Mara nyingi haiingii pale inapotakiwa kukaa. Inaanza chini kidogo, inapanda kwa kuteleza, halafu inafika na kukakamaa. Ikishafika haitikisiki sana. Wapigaji wa zamani wa tena, akina Ben Webster, walipenda kuimalizia noti kwa mtetemo na pumzi nyingi mpaka ikayeyuka. Yeye anaishika imenyooka, yenye makali, kisha anaiacha ghafla na kunyamaza. Ukimya unaofuata una urefu uliopimwa. Ukiondoa ukimya huo, ukaunganisha vipande, utaona kwamba alichopiga ni kidogo sana.

Jambo la pili ni marudio. Anachukua kipande cha noti tatu au nne, anakirudia, anabadilisha noti moja tu, anakirudia tena. Hakimbilii kuonyesha anachojua kuhusu kodi. Kwa mtu aliyesomeshwa na George Russell, anayeijua nadharia kuliko wengi, huo ni uamuzi.

La tatu ni mahali anapopenda kukaa. Kwenye tena hupanda sana juu, kule ambako ala inaanza kubana na kulia, mpaka msikilizaji anajiuliza kama hii ni tena au soprano. Soprano yake nayo ni ile iliyopinda, inayofanana na saksafoni ndogo ya kawaida, si ile iliyonyooka kama zumari ambayo Coltrane aliipa umaarufu.

Je, ni kweli kwamba muziki wake ni sauti ya theluji na milima ya Norwei?

Hili ndilo jibu la haraka linalotolewa kila mahali, na majalada ya ECM yenye picha za bahari ya kijivu yamelisaidia. Binafsi silikubali, angalau si kwa namna linavyosemwa. Milima haipulizi saksafoni. Oslo ya ujana wake ilikuwa mji wenye redio, maduka ya santuri na Wamarekani waliokuja kupiga. Mzazi mmoja Mpolandi, mwalimu mkuu Mmarekani mweusi, na kampuni ya kurekodi ya Kijerumani.

Kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole ni muziki wa kienyeji. Don Cherry, mpiga tarumbeta Mmarekani aliyeishi miaka mingi Uswidi, ndiye aliyewahimiza vijana wa Oslo wauangalie muziki wa kwao kama kitu cha kupigwa, si cha kuwekwa makumbusho. Norwei ina nyimbo za wachungaji wa kike waliokuwa wakiita ng'ombe na mbuzi kutoka upande mmoja wa bonde hadi mwingine, sauti kali, ya juu, isiyo na mtetemo, inayopanda na kukatika. Ina pembe za mbuzi na filimbi za gome la mti. Weka rekodi ya mwito wa namna hiyo, kisha weka Garbarek. Ufanano uko kwenye sauti yenyewe, huhitaji kupandishwa mlimani na mtu yeyote.

Kuna albamu moja ambayo hali ya hewa iliingia kweli. Kwenye Dis ya mwaka 1976 mnasikika kinubi cha upepo: chombo chenye nyuzi kilichowekwa pwani ya Norwei ili upepo wa bahari wenyewe uzitikise, na mlio wake ukarekodiwa. Juu ya mlio huo Garbarek anapuliza saksafoni na filimbi ya mti, na Ralph Towner anapiga gitaa la nyuzi 12. Wengi walioandika kuhusu barafu na fiodi, zile ghuba nyembamba za Norwei, walikuwa wanaandika kuhusu albamu hii, hata kama hawakuitaja.

Alikutanaje na Keith Jarrett, na kwa nini watu wanaikumbuka sana bendi yao?

Jarrett, mpiga piano Mmarekani, alikuwa tayari na bendi yake ya kwao nyumbani. Eicher akamkutanisha na watu wa Skandinavia: Garbarek, mpiga besi Palle Danielsson wa Uswidi, na Jon Christensen. Mwezi Aprili 1974 waliingia studio Oslo na kutoka na Belonging, nyimbo sita zote za Jarrett.

Kama unaamini kwamba Garbarek ni mtu wa huzuni tu, weka “The Windup” kutoka albamu hiyo. Ni kipande cha furaha, kinachoruka na kujikwaa kwa makusudi, na saksafoni inacheka. Halafu nenda “'Long As You Know You're Living Yours”, wenye mwendo wa muziki wa kanisani wa Wamarekani weusi. Hapo Garbarek anaingia na tena yenye koo zito, anashika wimbo bila mapambo, na inasikika wazi kwamba angeweza kupiga muziki wa namna ile maisha yake yote kama angetaka. Hakutaka.

Wimbo huo wa pili una habari yake. Mwaka 1980 kundi la Steely Dan la Marekani lilitoa wimbo “Gaucho”, ambao mwanzo wake ulifanana mno na ule wa Jarrett. Jarrett akaenda kisheria, na tangu wakati huo jina lake limewekwa miongoni mwa watunzi wa “Gaucho”. Kwa hiyo kuna watu wengi waliozoea ule mwito wa saksafoni bila kujua kwamba chimbuko lake ni studio ya Oslo.

Bendi ilitoa My Song mwaka 1978, tulivu zaidi na yenye nyimbo zinazoimbika. Mwaka 1979 ikapiga Japani na kisha Village Vanguard, New York, ambako ilirekodiwa Nude Ants. Rekodi za Japani zilikaa kabatini: Personal Mountains ilitoka 1989, na Sleeper ikasubiri mpaka 2012, miaka zaidi ya 30 baada ya kupigwa. Mwaka 2025 mpuliza saksafoni Branford Marsalis, mtu wa New Orleans anayeijua mila ya jazi ya Marekani ndani nje, alitoa Belonging nzima, aliyoirekodi upya na bendi yake. Hakuna aliyemlazimisha.

Joik ni nini na inaingiaje hapa?

Joik ni uimbaji wa Wasami, wenyeji wa kaskazini mwa Norwei, Uswidi, Ufini na pembe ya Urusi. Kwa muda mrefu wamisionari na shule za serikali waliukandamiza kama jambo la kishenzi. Msomaji wa huku hahitaji kuelezwa zaidi hadithi ya namna hiyo ilivyokwenda. Joik hurudia kipande kifupi cha sauti tena na tena kwa mabadiliko madogo, jambo ambalo tumeshaliona kwa Garbarek.

Legend of the Seven Dreams ya 1988 inaanza na kipande kilichojengwa juu ya joik. I Took Up the Runes ya 1990 inafunguliwa na “Gula Gula” ya Mari Boine, mwimbaji Msami aliyekuwa ndio kwanza anajulikana nje ya kwao, na humo pia yumo mwimbaji wa joik, Ingor Ántte Áilu Gaup. Katikati ya albamu kuna “Molde Canticle”, utunzi wa sehemu tano alioagizwa na tamasha lilelile la Molde ambako Russell alimwona.

Amewahi kupiga na watu wa nje ya Ulaya na Marekani?

Sana, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye dhahabu ambayo watu hawaichimbi. Mwaka 1979 alirekodi Magico na Folk Songs pamoja na Mbrazili Egberto Gismonti na mpiga besi Charlie Haden. Alipiga kwenye Making Music ya mpiga tabla (ngoma mbili za mkono za Kihindi) wa India, Zakir Hussain. Ragas and Sagas aliifanya na mwimbaji wa Pakistani, Ustad Fateh Ali Khan.

Ila kwa aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, ya kuanza nayo ni Madar, iliyorekodiwa mwaka 1992 na Anouar Brahem wa Tunisia kwenye udi na Ustad Shaukat Hussain wa Pakistani kwenye tabla. Udi hatuhitaji kutambulishwa. Sikio lililozoea taarabu ya Unguja linajua tayari unavyotembea. Albamu inaanza na “Sull lull”, wimbo wa kienyeji wa Norwei, na udi unauchukua kana kwamba uliutunga. Saksafoni haijaribu kujifanya ya Kiarabu, haibandiki mapambo ya maqamu ili ionekane imesoma. Inapiga jinsi ilivyo na inakaa kando muda mrefu mwenzake akiongea. Muziki wa “kuchanganya tamaduni” mara nyingi huharibiwa na mgeni mwenye adabu nyingi kupita kiasi. Hapa kila mtu amekuja na lugha yake.

Ile albamu ya saksafoni na watawa ni yake?

Ndiyo, Officium, ila waimbaji si watawa. Ni Hilliard Ensemble ya Uingereza, wanaume wanne waliobobea katika muziki wa kanisa wa karne za kati na baada yake. Mahali waliporekodia, Septemba 1993, ndipo palipokuwa kanisa la monasteri: St. Gerold, milimani Austria.

Wazo lilikuwa la Eicher. Alipokuwa Iceland akitengeneza filamu, alikuwa akiendesha gari kwenye mbuga za mawe ya volkano huku akisikiliza muziki wa Cristóbal de Morales, mtunzi Mhispania wa karne ya 16, na pia muziki wa Garbarek. Akaanza kuwasikia pamoja.

Kipande cha kwanza, “Parce mihi Domine” cha Morales, ndicho kilichouza albamu. Maneno ni ya Kitabu cha Ayubu, sura ya 7, pale Ayubu anapomwomba Mungu amwache kwa kuwa siku zake ni ubatili. Waimbaji wanasogea taratibu, kodi baada ya kodi, karibu bila wimbo, kama watu wanaosoma kwa pamoja. Muziki wenyewe una uwazi mkubwa juu yake, na soprano ya Garbarek inaingia kwenye uwazi huo. Hakuandikiwa noti; anabuni papo kwa papo, huku akisikiliza waimbaji wanaelekea wapi. Kuna mahali anakuwa sauti ya tano ya kwaya, unaweza hata kumpoteza, na kuna mahali anatoka nje kabisa na kulia peke yake wakati wale wanne wanaendelea na sala yao bila kugeuka. Kipande hiki kinarudi mara tatu ndani ya albamu. Visikilize vyote vitatu kwa mfuatano uone kwaya ileile inavyokuwa jambo jingine kila mara.

Officium ilitoka mwaka 1994 na kuuza nakala zaidi ya milioni moja, idadi ambayo kampuni ndogo ya jazi haiioti. Baadaye zikaja Mnemosyne na, mwaka 2010, Officium Novum yenye muziki mwingi wa Armenia. Walizunguka makanisa ya Ulaya pamoja kwa miaka 20, na Hilliard Ensemble ilipostaafu mwishoni mwa 2014 ndipo ikawa mwisho. Rekodi ya onyesho lao la mwaka huo huko Bellinzona, Uswisi, ilitolewa 2019 kwa jina la Remember me, my dear.

Wanaomkosoa wanasemaje?

Kwamba muziki wa baadaye ni laini mno, wa kuwashia mishumaa na kuoga. Kwamba mwangwi unaficha uchache wa mawazo. Kwamba hii si jazi kwa sababu haina swingi, ule mdundo wa jazi unaobembea, wala bluzi.

La mwisho halinisumbui. Garbarek mwenyewe hajawahi kung'ang'ania aitwe mtu wa jazi. La mwangwi lina ukweli kiasi. Baadhi ya albamu za miaka ya 1990 zenye sinthesaiza, kama Visible World, zina dakika kadhaa ambazo muziki umelala usingizi mzuri na hakuna anayetaka kuuamsha. Huwa narukia mbele. Lakini aliyesema hana mawazo hajasikiliza “Solstice” kwenye Belonging, au hajamsikia ukumbini, ambako hupiga kwa nguvu na ukali kuliko studio. Dresden, rekodi ya onyesho la mwaka 2007 iliyotoka 2009, ni ushahidi wa kutosha, na ajabu ni kwamba ndiyo albamu yake ya kwanza ya jukwaani kama kiongozi wa bendi.

Bendi yake mwenyewe ni akina nani?

Kwa miaka mingi uti wa mgongo ulikuwa Wajerumani wawili: Eberhard Weber kwenye besi ya umeme yenye sauti inayoimba, na Rainer Brüninghaus kwenye piano. Weber alipatwa na kiharusi mwaka 2007, akashindwa kupiga tena. Nafasi yake ikachukuliwa na Mbrazili Yuri Daniel. Kwenye ngoma wamepita wengi, akiwemo Manu Katché wa Ufaransa, na baadaye Trilok Gurtu wa India, ambaye anapiga hata kwa ndoo ya maji.

Anja Garbarek ni ndugu yake?

Ni binti yake, mwimbaji na mtunzi, aliyezaliwa 1970. Muziki wake ni wa njia nyingine kabisa.

Nianze na albamu ipi?

Wengi watakuambia Officium. Mimi nasema Belonging kwanza, kwa sababu humo utamsikia akiwa mwanabendi, anasukumwa na kusukuma. Kisha Madar. Kisha Witchi-Tai-To ya 1973, aliyoifanya na mpiga piano Bobo Stenson, ambamo kelele za ujana na wimbo wa baadaye vinakaa nyumba moja bila kugombana. Baada ya hapo I Took Up the Runes, na ndipo Officium, usiku, bila simu mkononi. Afric Pepperbird iache mpaka utakapokuwa umempenda. Itakushtua vizuri zaidi.

Napuliza saksafoni kanisani na kwenye bendi. Nijifunze nini kwake?

Chukua tenzi unayoijua kwa moyo. Ipige bila pambo lolote, kila noti ishike imenyooka, bila mtetemo. Utagundua haraka kwamba mtetemo ulikuwa unafunika noti ambazo hazijakaa sawa, na kwamba pumzi haitoshi. Fanya noti ndefu kila siku mpaka sauti isimame yenyewe. Kisha ipige tenzi hiyohiyo huku ukiacha noti moja kati ya tatu, mahali pake nyamaza, usijaze. Mpiga kinanda wako atakukodolea macho mwanzoni, mwambie aendelee.

Usinunue kifaa cha mwangwi kabla ya hapo.